Tuliuza Saa, Tukapata Ndugu

Baba hakuwahi kuendesha gari. Alikuwa karani katika idara ya maji ya baraza la mji, na miaka yote niliyomjua alikwenda kazini kwa baiskeli, mguu mmoja wa suruali ameubana kwa kibanio cha nguo ili usishikwe na mnyororo. Lakini mkononi alivaa saa ya dereva wa mashindano. Ilikuwa saa nzito ya chuma, uso wake mweusi, na ndani ya uso huo mlikuwa na visaa vitatu vidogo vyenye mishale ya rangi ya chungwa. Pembeni ilizungukwa na miraba myeupe na myeusi kama ile bendera wanayolipungia gari linalomaliza mbio. Mkanda ulikuwa wa ngozi iliyotobolewa matundu. Ubavuni ilikuwa na vitufe viwili, cha juu cha kuanzisha na kusimamisha hesabu, cha chini cha kuirudisha kwenye sifuri.

Kwa kuwa hakuwa na gari la kupima, alipima vitu vingine. Mhubiri aliposimama kanisani, tulisikia "tik" kutoka benchi letu. Mhubiri aliposema "na neno la mwisho, wapendwa," Baba aliitazama saa akatikisa kichwa, maana alijua kwamba kutoka neno la mwisho hadi amina bado kuna mwendo. Alipima ugali wa Mama tangu maji yachemke. Alimpima mgeni aliyeingia akisema, "Mimi hata sikai." Mama alikuwa akisema kwamba siku alipoposwa hakuna aliyemwambia anaolewa na refa.

Na kila mgeni, akae asikae, alisimuliwa jinsi saa ile ilivyopatikana. Zamani yale mashindano makubwa ya magari yalikuwa yakipita huku kwetu wakati wa Pasaka, mvua ikiwa imekolea. Gari moja likazama kwenye matope barabara ya Busia, karibu na Otonglo, likazama hadi milangoni. Baba alikuwa pale kikazi, ametumwa kuangalia bomba lililopasuka. Akashika usukani wa mambo, kama alivyopenda kusema. Akaamuru vijana wakate matawi, wapange mawe, wasukume akisema "sasa." Gari likatoka. Dereva, mzungu aliyekuwa amebaki macho na meno tu kwa matope, akavua saa yake akamvisha Baba. Mwanzoni waliosukuma walikuwa watu wanne. Nilipomaliza shule walikuwa kijiji kizima. Jambo moja tu hakulibadilisha: yeye mwenyewe hakusukuma. Alitoa amri. Karani ni karani.

Alipofariki, tulidhani tumezika na ugomvi wote wa nyumba ile, ambao haukuwa mwingi. Kumbe ulikuwa umelala kwenye droo ya kabati pamoja na saa. Nina kaka wawili. Mkubwa anauza bima Nairobi, na huzungumza na watu wote kana kwamba watakufa kesho. Wa pili ni mzee wa kanisa hapa Kisumu. Mkubwa alisema saa ya mwanamume huenda kwa kifungua mimba, ndiyo desturi. Nilimuuliza ni desturi ipi ya Wajaluo inayotaja saa ya mbio za magari. Akasema desturi haihitaji kutaja kila kitu. Wa pili alisema Baba alimwachia saa hospitalini, si kwa maneno, kwa ishara: alimminya mkono mara mbili. Mkubwa akasema huko kuminya ni ugonjwa. Basi wakanuniana, na kwa muda mrefu wakawa wanazungumza kupitia simu yangu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Nilikuwa nikishona kola huku nabeba matusi ya kistaarabu kutoka Nairobi kuja Kisumu na kurudi.

Siku moja nikiwa nimekwenda kula kwa Mama, Kaloleni, katika nyumba ile ile ya baraza tuliyokulia, aliweka saa mezani kando ya sahani ya samaki.

"Uza," akasema.

"Niuze saa ya Baba?"

"Imekuwa kama kiti cha bunge. Kila anayeingia hapa ananiuliza hali yangu, macho yake yakiwa kwenye kabati."

"Na hao wawili?"

"Watakosa wote. Wakikosa wote watakuwa ndugu tena."

Alisema kweli. Nilipowaambia, walipigiana simu jioni hiyo hiyo, kwa mara ya kwanza tangu matanga, wakanisema vibaya kwa umoja kamili.

Sikujua kwamba kuuza saa ya zamani ni kazi. Fundi wa kwanza niliyemwendea mjini aliigeuza-geuza, akaifungua mgongo, akasikitika. Akasema ndani imejaa vyuma vya kizamani, lakini nisiwe na wasiwasi, angevitoa vyote anitilie mashine ya betri. Nilimnyang'anya kwa adabu. Nikaipiga picha juu ya kitambaa cheupe, nikaitangaza mtandaoni. Hapo ndipo nilipojua Kisumu ina watu wengi wasio na la kufanya. Mmoja aliuliza kama inapima presha. Mwingine akauliza chaji yake inakaa siku ngapi. Wa tatu, mtu wa Otonglo, alinitumia picha ya mtamba mwenye mimba akitaka tubadilishane, na kusema kweli mtamba yule alikuwa mzuri kuliko saa. Wapo waliouliza "bei ya mwisho?" kabla sijataja bei ya kwanza.

Aliyeonekana kuijua saa alikuwa mkusanyaji mmoja wa Nairobi, mwanamume mwenye sauti ya upole. Alitaka picha ya Baba akiwa ameivaa. Tulikuwa na picha moja tu nzuri, ya harusi ya kaka mkubwa, na katika picha hiyo Baba ameuweka mkono wa saa nyuma ya kiuno cha Mama. Akataka barua ya yule dereva. Nikamwambia dereva alikuwa kwenye matope, hakuwa ofisini. Akaniambia, kwa upole ule ule, kwamba bila ushahidi wa historia yake, saa ni chuma tu. Nikaona ananiita mwongo kwa lugha ya watu waliosoma, nikaacha kumjibu.

Ndipo akaja mgombea.

Alikuja Jumamosi asubuhi kwa gari kubwa ambalo halikuweza kugeuza katika kichochoro chetu, ikabidi liondoke kinyumenyume huku majirani wakiliongoza, kila mmoja na upande wake. Uso wake niliujua. Ulikuwa umebandikwa kwenye kila ukuta na kila mti barabara ya Busia, akitabasamu, akigombea kiti cha wadi ya huko. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka linaogopesha. Alifuatana na mshauri wake, mwanamume mfupi aliyebeba mkoba na kuafiki kila kitu. Mama alimwita Mheshimiwa. Huku kwetu kila mgombea ni Mheshimiwa. Haigharimu kitu, na huwezi kujua nani atapita.

Aliishika saa, akaisifu, akaiweka chini. Hakuuliza lolote juu ya mashine. Aliuliza juu ya barabara.

"Mama, pale gari lilipokwama, ni wapi hasa?"

"Otonglo, palipokuwa na bonde kidogo. Siku hizi wamepajaza."

"Na mzee alikuwa anafanya kazi pale?"

"Alikuwa ametumwa na baraza, mambo ya maji."

Akamtazama mshauri wake. "Kwa hivyo mzee alikuwa anahudumia watu wa pale."

"Alikuwa anahudumia mabomba," Mama akasema.

Mshauri akafungua mkoba. Walitoa bei niliyotaja bila kuomba nipunguze hata kidogo, jambo lililomfanya Mama amwangalie yule kijana upya, kama mtu anayemwangalia ng'ombe anayeuzwa rahisi. Akiwa mlangoni, saa tayari mkononi, kijana akageuka.

"Na ile hadithi, Mama, naweza kuisimulia?"

"Hadithi hufuata saa kama ndama anavyomfuata mama yake," Mama akasema. "Nenda nayo."

Gari lilipokwisha kutoka, Mama aliketi akacheka mpaka akalegeza kitambaa cha kichwa. Nikamuuliza anacheka nini.

"Hiyo saa baba yako aliipata kwa Mhindi aliyekuwa anafunga duka ahamie ng'ambo. Alibadilishana na redio."

"Ulijuaje?"

"Redio ilikuwa yangu."

Nilikuwa nimeisikia hadithi ya dereva tangu sijajua kusoma. Nilikuwa nimeisimulia shuleni, nikaisimulia kwa wakwe zangu, nikamsimulia mkusanyaji wa Nairobi na kumkasirikia aliposita.

"Na gari kwenye matope?"

"Gari lilikwama kweli. Baba yako alisimama kando na baiskeli yake akitazama, kama watu wengine. Alirudi nyumbani matope hadi magotini, amefurahi, sijawahi kumwona amefurahi vile. Wiki iliyofuata ndipo alipoiona saa dukani."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza? Na kila alipoisimulia alikuwa ananiangalia kidogo, hivi, kwa pembeni, akingoja nimkatize." Alikunja kitambaa chake upya. "Sikumkatiza."

Ikapita miezi. Kampeni zikapamba moto. Kwa asiyejua, huku kwetu kampeni haifanyiki sana viwanjani. Kiwanjani itabidi mgombea awatafute watu, awatafutie viti, na awape sababu ya kukaa. Msibani watu wameshakuja, viti vimeshakodiwa, chakula kinapikwa, na hakuna anayeweza kuondoka kabla ya maiti. Kwa hiyo Jumamosi ikifika, wagombea hugawana vifo vya wadi kama wachuuzi wanavyogawana samaki ufukweni.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiimba kwaya na Mama alifariki, naye kwao ni mbele kidogo ya Otonglo. Tulikwenda kumzika. Jeneza lilikuwa chini ya hema dogo. Chini ya hema kubwa, safu ya mbele, walikaa wagombea saba, wote wakiwa na huzuni ya kiasi kimoja. Mwongozaji wa shughuli alitangaza kwamba wanasiasa watasalimia tu, dakika mbili-mbili, kwa heshima ya marehemu. Wa kwanza alisalimia mpaka jua likahama kutoka upande mmoja wa hema hadi mwingine. Wa tatu alisahau jina la marehemu, akamwita "dada yetu huyu." Kisha akasimama kijana wetu.

Alianza kwa sauti ya chini. Akasema kuna watu wanamwita mgeni katika wadi hii. Wanasema alikuja juzi, akanunua shamba, akajenga nyumba, hana mizizi. Hakuwalaumu. Lakini leo alitaka kuwaonyesha kitu. Akakunja mkono wa shati, akainua ngumi, na ile saa ikang'aa.

"Hii ni saa ya baba yangu," akasema.

Nilihisi mkono wa Mama ukitua kwenye goti langu.

Akasimulia. Mvua, Pasaka, magari ya mbio, bonde la Otonglo. Baba yake, mtumishi wa umma, aliyewaletea watu wa hapa maji safi. Gari limezama, vijana wameshindwa, dereva analia. Baba yake akavua koti, akaingia matopeni, akaliinua lile gari peke yake kwa mabega.

"Ameongeza," Mama akaninong'oneza. Hakuonekana kukasirika. Alisema kama mpishi anayeonja mchuzi wake kwenye sufuria ya jirani.

"Baba yangu alitoa jasho lake katika barabara hii," kijana akamaliza, "na leo amelala. Mtaniitaje mgeni?"

Watu walipiga makofi, maana ilikuwa hotuba nzuri na ilikuwa fupi. Ndipo Mama akasimama. Nilimvuta gauni, akauondoa mkono wangu kama anayetoa mbigili. Akatembea taratibu katikati ya viti, na fimbo yake, na kitambaa cha umoja wa akina mama, akamwomba mwongozaji kipaza sauti. Mwongozaji alijaribu kumwambia kwamba ratiba imejaa. Lakini mjane mzee akinyoosha mkono mbele ya jeneza la rafiki yake, nani atamnyima?

"Nawasalimu kwa jina la Bwana," Mama akasema, na watu wakaitikia. "Mimi sikujua kwamba leo nitapata mtoto."

"Hiyo saa naijua. Nilimvua mume wangu mimi mwenyewe, hospitalini, mkono ukiwa bado na joto. Huyu kijana amesema ni saa ya baba yake. Basi baba yake ni mume wangu. Mimi na mume wangu tuliishi vizuri, na kama alikuwa na mtoto wa nje hakuniambia, lakini wanaume hawaambii watu kila kitu." Hapo akina mama walianza kucheka nyuma ya leso zao. "Sikuja hapa kugombana. Mtoto wa mume wangu ni mtoto wangu. Karibu nyumbani, mwanangu. Jumamosi ijayo nakungoja, nikuonyeshe kaka zako na dada yako. Dada yako ndiye yule pale."

Watu mia kadhaa waligeuka kunitazama. Niliinua mkono kidogo, kwa kukosa la kufanya.

Namkumbuka kijana alivyosimama pale. Akikana, amejitaja mwongo mbele ya wapiga kura na maiti. Akikubali, ana mama mpya. Mshauri wake alikuwa ameufungua mkoba, anatafuta kitu ndani yake, labda ushauri. Wagombea wale wengine sita walikuwa na furaha ambayo kwa kweli haikufaa mazishini. Mwisho kijana alishuka, akaenda akamkumbatia Mama, na Mama akampiga-piga mgongo kama mtoto aliyepaliwa. Vigelegele vikapanda. Kila simu iliyokuwa na chaji ilikuwa juu.

Video ile ilisambaa kabla hatujafika nyumbani. Kaka mkubwa alipiga simu kutoka Nairobi. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza kijana amezaliwa mwaka gani, maana alitaka kujua kama bado yeye ndiye kifungua mimba. Kaka wa pili alifunga akaomba, kisha akaja kumuuliza Mama kama Baba alikuwa akisafiri sana kikazi. Mama akawaambia wote wawili kwamba wangoje Jumamosi wamkaribishe mgeni.

Na kijana alikuja, nadhani kwa sababu mshauri alimwambia kwamba asipokuja itakuwa mbaya zaidi. Alileta sukari, unga na mpiga picha. Mama alipokea sukari na unga, akamwambia mpiga picha angoje nje. Akamlisha kijana samaki, ngege wa kuchemsha, akamwambia arudishe kanisani viti vilivyokuwa vimekaa kwetu tangu matanga. Alivibeba, viwili-viwili, shati lake likilowa, huku kaka zangu wakimfuata na kumchunguza masikio, kuona kama ni ya Baba.

Tungeishia hapo, tukicheka. Lakini wiki haikwisha kabla ya mwanamke mmoja kupiga hodi.

Nilikuwa nimemletea Mama gauni nililomrekebishia. Mwanamke alisimama mlangoni, mwembamba, mzee kidogo kuliko Mama au ni jua tu lililomchoma zaidi, amevaa nguo ya kanisani siku ya kazi. Mkononi alibeba mfuko wa omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa ametoka Usenge alfajiri, akabadilisha magari, akauliza njia mpaka akafika.

"Wewe ndiye mama wa mtoto wangu?" akamuuliza Mama.

Mama akamwangalia. "Hivyo wanasema."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Nimekuja nijue mume wako alinijia lini, maana mimi sikumbuki."

"Ingia kwanza," Mama akasema. "Unywe chai."

Hakutaka chai. Aliketi ukingoni mwa kiti, mfuko wake magotini, akasema aliyokuja kuyasema bila kupaza sauti. Mume wake alikuwa mnunuzi wa omena ufukweni Usenge. Alinunua kwa wavuvi asubuhi, akaanika omena juu ya nyavu, akawageuza jua lilipokuwa kali, akabeba magunia mgongoni mpaka kwenye malori. Alinuka omena nyumbani, alinuka omena kanisani, na walipomwosha mara ya mwisho bado alinuka omena. Kwa omena hao alimsomesha mtoto mmoja aliyekuwa naye, mpaka chuo kikuu. Na mtoto huyo tangu sekondari alimwomba baba yake siku za kutembelea wanafunzi angojee nje ya lango, atamfuata huko huko.

"Naye alingoja," akasema. "Alikuwa anarudi anasema, shule ni kubwa, miti ni mizuri. Hakuwahi kuiona ndani." Akaushika mfuko vizuri. "Sasa amekwenda kununua baba ambaye hanuki."

Nilijikuta nafungua na kufunga kifungo cha lile gauni. Mama ndiye aliyevuta kiti chake karibu.

"Nisikilize," akasema. "Mimi nilitaka kumfundisha adabu tu. Sikujua kwamba wewe uko, ningejua nisingesimama. Na huyo baba aliyemnunua hakuinua gari lolote. Alitazama tu. Saa aliipata kwa redio yangu."

Akamsimulia yote. Mgeni alisikiliza bila kugeuza uso. Ilipofika kwenye redio, kona ya mdomo wake ikatikisika. Mama alipoigiza Baba akimpima mhubiri, mwanamke yule alicheka, kwanza kwa pua, halafu kabisa, akafuta machozi kwa ncha ya leso na yakaendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha. Ndipo akakubali chai.

Walimpigia kijana simu kwa simu yangu. Alipoingia na kuwaona wameketi bega kwa bega, alisimama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Vua," mama yake akasema.

Akaivua saa, akaiweka mezani.

"Sasa mwambie huyu mama baba yako alikuwa nani."

Alitaja jina la baba yake, taratibu.

"Na kazi yake."

"Alikuwa ananunua omena."

"Sijasikia."

"Alikuwa mnunuzi wa omena, Mama. Usenge." Alikaa chini bila kuambiwa, akaufunika uso kwa mikono ile iliyotunzwa. Kisha mama yake akamsogezea kikombe chake mwenyewe cha chai.

Mama yake alimwagiza aseme maneno hayo hayo katika mazishi ya Jumamosi iliyofuata. Mshauri alipinga sana. Alisema omena haiko kwenye mpango wa kampeni. Kijana alisema tu. Nusu ya wanawake waliokuwa chini ya hema wamewahi kuuza omena, na walimpigia makofi mpaka mchungaji akaomba utulivu. Mpinzani wake mkuu, mmoja wa wale wagombea sita, hakusema lolote la maana siku hiyo, ila alilipia hema, viti, chakula na jeneza. Mchujo wa chama ulipofika, ukweli ulikuwa umempatia kijana makofi, na mpinzani alikuwa amepata kura.

Saa alitaka kuturudishia. Mama akakataa, akasema biashara iliisha na yeye hataki kuuanza upya ugomvi wa wanawe. Mama wa Usenge naye hakutaka mume wa mtu akae mkononi mwa mwanawe. Basi nikamwandikia tena yule mkusanyaji wa Nairobi. Sikumficha kitu: dereva hakuitoa, Baba hakusukuma, ilibadilishwa na redio, ikasababisha mazishi kuwa kichekesho. Nilidhani hatanijibu. Alipanda ndege ya asubuhi. Alikaa sebuleni kwetu akasikiliza kila kitu mara mbili, akawapiga picha wanawake wote wawili wakiwa wameishika saa, akasema hatimaye amepata saa yenye ushahidi. Akalipa zaidi ya alivyolipa kijana.

Fedha hizo mama wa Usenge alizichukua, na mwanawe hakuthubutu kuzidai. Alisema kaburi la mumewe ni udongo mtupu, mbuzi wanalikanyaga, sasa litapata saruji.

Tulialikwa. Siku hizi Mama na yeye wanaitana nyieka, neno la wake wenza, na wanapigiana simu kila jioni kulalamika juu ya mvua na bei ya samaki. Tulipofika Usenge kulikuwa na joto, omena wameanikwa pande zote, wanawake wanageuza kwa mafagio. Kijana alikuwa na buti za mpira na fulana kuukuu, anachanganya mchanga na saruji kwa sepetu. Wanawake waliacha mafagio yao wakaja kumwelekeza. Mama yake alisema maji ni mengi. Mama yangu alisema ni machache. Alimsikiliza kila mmoja, akaongeza, akapunguza, jasho likimtiririka.

Simu yake ikalia mfukoni. Mikono yake ilikuwa imejaa saruji, akanigeuzia kiuno niitoe.

"Pokea tu, dada."

Alikuwa mshauri wake. Alisema kuna habari, kuna kiti kingine huenda kikawa wazi, wanahitaji kukutana haraka, yuko wapi.

"Mwambie niko kwa baba," kijana akasema bila kuinua kichwa.

Nilimwambia.

Kisha mshauri akauliza, "Yupi?"